Giaboksi ya otomatiki imeungua mara mbili baada ya kufunga tabo: nianze na klachi imara au na kipoza mafuta?

Tabo_na_Gia ameuliza:

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuifungua giaboksi ya otomatiki na kuifunga tena kwa mikono yao wenyewe, kwa sababu ushauri wa kusikia nimeupata wa kutosha na umenifikisha hapa nilipo.

Gari langu lina injini ya V8 ya lita 5.3 na giaboksi ya gia nne aina ya 4L60E. Nilipofunga tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), nguvu ya msokoto ilipanda hadi takriban Nm 700, kiasi ambacho ni kikubwa mno kuliko kile ambacho giaboksi hii ilitengenezwa kukibeba. Nilikwenda nalo miezi minane. Kisha siku moja, katika kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, injini ilipaa ghafla na gari halikuvuta. Giaboksi ilipofunguliwa, diski za klachi ya gia ya tatu na ya nne zilikuwa zimebaki chuma kitupu, na mafuta yalikuwa meusi yenye harufu kali ya kuungua.

Ilifanyiwa ovaholi, ikawekewa diski za ubora wa juu, nami nikaamini kwamba tatizo limekwisha. Safari ya pili haikufika hata miezi miwili. Klachi ileile iliungua tena, na safari hii fundi alinionyesha jambo ambalo halikuwepo mara ya kwanza: pini zinazobeba gia sayari za nyuma (gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati) zilikuwa zimegeuka rangi ya buluu, na bushi mbili zilikuwa zimekwaruzwa vibaya. Imejengwa kwa mara ya tatu, ipo kwenye gari na inafanya kazi, lakini sithubutu kukanyaga zaidi ya nusu.

Kipoza mafuta ni kilekile kidogo cha mabomba kilichokuja na gari, kimefungwa mbele ya rejeta, na mafuta hupita kwanza ndani ya tangi la rejeta kabla ya kufika hapo. Sensa ya joto iko kwenye sampu, yaani beseni la mafuta lililo chini ya giaboksi. Katika mwendo wa kawaida inasoma nyuzi 95 za Selsiasi, na nikipanda mlima mrefu au nikikanyaga mara kadhaa mfululizo inafika 125.

Uwezo wangu unaniruhusu kufanya jambo moja kwa wakati. Nianze na klachi zenye diski nyingi zaidi, au kipoza kikubwa? Kuna pia aliyenishauri niachane kabisa na tangi la rejeta nitumie kipoza cha hewa peke yake, na mwingine anasema nisipoteze muda na 4L60E, nihamie 4L80E, giaboksi kubwa na imara zaidi. Nitashukuru nikielezwa na sababu pia, nipate kuelewa ninachokifanya.

Fundi_Mstaafu amejibu:

Ndugu Tabo, kabla ya kununua chochote, rudi kwenye zile pini za buluu, kwa maana hizo ndizo zinazokueleza ugonjwa. Klachi iliyoungua inaweza kuwa na sababu nyingi. Pini ya gia sayari iliyogeuka buluu ina sababu moja kubwa, nayo ni kukosa mafuta ya kulainisha.

Watu wengi hudhani kwamba kipoza mafuta ni njia ya pembeni, kwamba mafuta yanatoka, yanapoa, yanarudi kwenye sampu, na kikiziba basi hasara ni joto kupanda kidogo. Katika giaboksi yako mambo hayako hivyo. Mafuta yakitoka kwenye pampu hupita kwenye vali inayosawazisha shinikizo, yakaingia kwenye toki konveta (chombo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa kutumia mafuta), yakatoka yakiwa na moto wote wa konveta, yakaenda kwenye kipoza, na yanaporudi ndipo yanapopelekwa kulainisha bushi, beringi na gia sayari, na mwisho ndipo yanapodondoka kwenye sampu. Kwa hiyo njia ya kupoza na njia ya kulainisha ni mshipa mmoja. Ukiubana mshipa huo mbele ya gari, gia zilizo nyuma kabisa ya giaboksi zinakauka, na hakuna geji yoyote kwenye dashibodi itakayokuambia.

Sasa jiulize: giaboksi ya kwanza ilipoungua, unga wote wa diski pamoja na chembe za chuma ulikwenda wapi? Sehemu ilibaki kwenye filta na sampu, sehemu ilijaa ndani ya konveta, na sehemu ilisukumwa hadi kwenye kipoza na tangi la rejeta. Giaboksi ilijengwa upya, lakini umesema mwenyewe kwamba kipoza ni kilekile. Mimi nimejenga giaboksi kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika zile zilizorudi mezani mapema kuliko ilivyotarajiwa, nilijifunza kuuliza habari za kipoza kabla ya kuuliza habari za klachi.

Pima mtiririko leo, kazi ya nusu saa. Washa gari hadi mafuta yapate joto la kawaida, zima, kisha fungua mpira unaorudisha mafuta kwenye giaboksi. Kwenye 4L60E kiungio cha chini ndicho kinachotoa mafuta ya moto na cha juu ndicho kinachopokea, lakini thibitisha kwa kugusa paipu mara baada ya kuwasha gari likiwa baridi, kwa kuwa ile ya kutolea ndiyo hutangulia kupata joto. Elekeza mpira kwenye chombo chenye alama za lita, mwombe mtu awashe injini ikiwa kwenye P bila kukanyaga, hesabu sekunde 30, zima mara moja. Usizidishe hapo, kwani sampu ikipungua sana pampu itavuta hewa. Kipimo wanachokitumia mafundi wengi ni lita moja ndani ya sekunde 20 hadi 30, na mafuta yatoke kwa mfululizo, yasitoke kwa kurukaruka. Ukipata pungufu sana, unganisha paipu mbili kwa mpira mfupi ili kipoza na rejeta viachwe nje, kisha pima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo jibu lako. Usisahau kurudishia mafuta uliyoyatoa.

Joto_na_Chuma amejibu:

Naungana na fundi aliyetangulia, na naomba nieleze joto lenyewe linatoka wapi, kwa sababu ukilijua chimbuko lake utajua pia ni kiasi gani kipoza kinaweza kukusaidia na ni wapi hakiwezi.

Gari likiwa limesimama nawe umekanyaga breki na mafuta kwa pamoja ili upate kuruka vizuri, konveta haipeleki nguvu yoyote kwenye magurudumu. Nguvu yote ya injini inageuka joto ndani ya mafuta. Tuseme injini inatoa Nm 400 katika mizunguko 2,500 kwa dakika. Hiyo ni takriban kilowati 105. Giaboksi yako pamoja na konveta inabeba mafuta ya lita kumi hivi, ambayo ni kilo 8.5, na kila kilo inahitaji takriban kilojuli 2 ili joto lake lipande nyuzi moja. Gawanya, utaona kwamba mafuta yote yangepanda nyuzi 6 kila sekunde hata kama yangechanganyika vizuri, nayo hayachanganyiki, kwa kuwa yale yaliyomo ndani ya konveta ndiyo yanayopata kipigo cha kwanza. Sekunde kumi za kushikilia namna hiyo ni nyuzi 60 au zaidi. Hakuna kipoza cha gari la barabarani kinachoweza kuondoa kilowati 105. Kazi ya kipoza ni kuondoa joto hilo baadaye, polepole, wakati wa mapumziko, na kuhakikisha halirundikani.

Upande wa pili ni mwendo wa kawaida. Konveta ikiwa haijafungwa na klachi yake ya ndani, na ikawa inateleza kwa asilimia 5 wakati injini inatoa kilowati 60, unatengeneza kilojuli 3 za joto kila sekunde ya safari. Klachi ya konveta ikifunga, mtelezo huo unakwisha. Ndiyo maana katika mlima mrefu, kufunga konveta kwenye gia ya tatu huteremsha joto kuliko kuiacha giaboksi ikihangaika kati ya tatu na nne. Chunguza kama klachi yako ya konveta inafunga kweli: ukiwa kwenye mwendo uliotulia, gusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto bila kuachia mafuta, na mizunguko ya injini inapaswa kupanda kidogo, kisha irudi ukiachia. Ikiwa haisogei, huenda konveta haikuwa imefunga tangu mwanzo, na nyuzi zako 125 zina mzazi mwingine.

Kuhusu diski. Uwezo wa klachi kubeba msokoto unategemea mambo manne, yaani idadi ya nyuso zinazosuguana, mgandamizo wa pistoni, msuguano wa karatasi ya diski, na upana wa duara lake. Ukitoka diski 6 kwenda 8, kwa shinikizo lilelile, uwezo unapanda kwa theluthi moja. Hilo ni kweli na linavutia. Lakini chumba cha klachi hakipanuki, kwa hiyo ili diski zaidi ziingie, pleti za chuma zilizo kati yake lazima ziwe nyembamba, na pleti hizo ndizo zinazobeba joto la kila badiliko la gia. Karatasi ya diski haihifadhi joto. Chuma ndicho kinachohifadhi, kisha kinaliachia kwenye mafuta. Pleti nyembamba inapata moto haraka, inapinda, inaacha madoa meusi, na diski zinaungua kwa sababu hiyo hata kama hesabu ya msokoto ilikuwa inatosha. Nimeona seti ya diski 9 ikimaliza wiki chache katika gari zito lililobadilishwa gia polepole, na seti ya diski 7 yenye pleti nene ikadumu katika gari la namna hiyohiyo. Mimi ningechagua diski 7 au 8, na ningeweka nguvu zangu katika kufupisha muda wa kuteleza wakati wa kubadili gia.

Hapo ndipo kompyuta ya giaboksi inapoingia. Ongeza shinikizo kwa kiasi, fupisha muda wa badiliko la pili kwenda tatu, na iache injini ipunguze nguvu kwa kitambo kidogo gia inapoingia. Watu huondoa upunguzaji huo wakidhani wanapata kasi. Wanachopata ni klachi inayomeza nguvu yote ya tabo katika sehemu ya sekunde.

Mkokota_Tela amejibu:

Mimi ninakokota tela zito karibu kila wiki, kwa hiyo nitazungumzia kipoza tu.

Kipoza cha mabomba yenye mapezi, kama hicho chako, ni dhaifu zaidi kwa ukubwa uleule kuliko cha pleti zilizopangwa moja juu ya nyingine, kwa sababu ndani ya bomba laini mafuta ya katikati hupita bila kugusa ukuta. Chagua cha pleti, chenye njia pana, na utumie paipu za milimita 10 badala ya zile za 8. Viungio vyenye kona kali vipungue kadiri inavyowezekana. Mpira uwe ule uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta ya giaboksi, maana mpira wa petroli hulegea kwa joto hili, na mafuta ya giaboksi yakimwagikia bomba la moshi lenye tabo ni moto.

Mahali pake ni mbele ya kondensa ya kiyoyozi, penye hewa mbichi, kishikwe kwa mabano imara. Zile nyuzi za plastiki zinazopita katikati ya mapezi sizipendi kabisa. Mtikisiko huzifanya zisage pleti hadi zitoboke.

Lile wazo la kuacha tangi la rejeta, mimi sikubaliani nalo kwa gari la barabarani. Kipoza cha hewa hakina faida kubwa gari likiwa limesimama kwenye foleni au likitambaa kwenye mlima mbaya, kwa sababu hakuna upepo, isipokuwa ukikifungia feni yake. Maji ya rejeta yanapokea joto kutoka kwenye mafuta vizuri kuliko hewa, na yanayashikilia mafuta karibu na nyuzi 90 hata mwendo ukiwa mdogo. Halafu kuna asubuhi ya baridi. Mafuta yaliyopozwa kupita kiasi yanakuwa mazito, gia zinaingia kwa uzito, unyevu haukauki, na kompyuta nyingi hazifungi konveta mpaka mafuta yapate joto fulani. Utaratibu wangu ni huu: mafuta ya moto yanaanza kwenye rejeta, kisha kipoza cha hewa chenye themostati inayoruhusu mafuta kupita pembeni yakiwa baridi, kisha yanarudi kwenye giaboksi.

Sharti ni moja, rejeta iwe nzima. Tangi likipasuka ndani, maji ya rejeta yanaingia kwenye giaboksi na mafuta yanageuka rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa. Jirani yangu aliyaona kwenye dipstiki akadhani ni povu, akaendelea kuendesha kwa siku nne. Gundi inayoshika karatasi za diski haivumilii maji, na alipofungua sampu karatasi zilikuwa zimebanduka zikielea kama maganda. Ikiwa rejeta yako ni ya zamani, badilisha yote.

Tabo_na_Gia amejibu:

Nawashukuruni sana. Nimepima jana jioni na nikarudia leo asubuhi ili nisijidanganye.

Kwa sekunde 30, kupitia rejeta na kipoza, nilipata chini kidogo ya nusu lita, na yalikuwa yakitoka kwa kukatikakatika. Nilipoziunganisha paipu mbili kwa mpira mfupi nilipata lita moja na robo kwa muda uleule, mfululizo. Nilikiondoa kipoza na kukipuliza peke yake. Upepo ulikuwa ukipita kwa shida. Nikakikata kwa msumeno. Kwenye kona za chini za bomba kulikuwa na uji wa kijivu uliogandamana, na nilipousugua kwa vidole ulikuwa na chembe zinazometa. Nimekaa nikiutazama kwa muda mrefu. Gharama ya ovaholi ya pili yote ilikuwa imelala ndani ya kile kipande cha bomba.

Jaribio la breki pia nimelifanya, mizunguko ilipanda takriban 200 kisha ikarudi, kwa hiyo konveta inafunga.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Je, giaboksi hii ya tatu, ambayo imetembea kilomita 600 hivi kwa mtiririko huo mbaya, nayo imekwisha? Na je, wazo la 4L80E nilifute?

Fundi_Mstaafu amejibu:

Pole, na hongera kwa kupima mara mbili. Umefanya kazi ambayo mafundi wengi wanaolipwa hawaifanyi.

Kama haijateleza na hukuikanyaga, ina nafasi nzuri ya kuwa salama. Fungua sampu uangalie. Unga mwembamba wa kijivu kwenye sumaku ni wa kawaida kwa giaboksi mpya inayojizoeza. Vipande vinavyoonekana kwa jicho, chembe za rangi ya shaba zinazotoka kwenye bushi, au nyuzinyuzi nyeusi za karatasi, hizo ni habari mbaya. Mtiririko mdogo wa mafuta huanza kuumiza bushi, kwa hiyo itafute hiyo rangi ya shaba kwa makini, kwenye mwanga wa jua, mafuta yakiwa yamemiminwa kwenye chombo cheupe.

Kipoza kipya ni lazima, na rejeta au tangi lake pia, kwa sababu uji ulioukuta chini ya kipoza ulipita huko kwanza. Usihangaike kusuuza. Paipu za chuma unaweza kuzisuuza kwa kisafishio na upepo mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, lakini kipoza cha pleti kikishaingiwa na chembe hakisafishiki kwa uhakika. Weka na filta ndogo yenye sumaku kwenye paipu inayorudi, uibadilishe baada ya kilomita 500 za kwanza, na upime mtiririko tena siku hiyohiyo. Filta hiyo nayo ikiziba, inaziba mshipa uleule wa kulainisha, basi usiisahau humo.

Mpaka hapo usikanyage. Diski za giaboksi hii ya tatu sijui zimejengwa kwa namna gani, nawe hukusema, na Nm 700 hazina huruma.

Itakapofunguliwa tena, kwa hiari yako na si kwa ajali, mwambie fundi akuwekee pia lile ganda linalobeba gia jua ya nyuma (gia ya katikati inayozungukwa na gia sayari) la aina iliyoimarishwa. La kawaida hupasuka shingoni au hulika meno, na likikatika unapoteza gia ya pili, ya nne na ya kurudi nyuma kwa mpigo mmoja. Pistoni kubwa zaidi ya bendi ya gia ya pili na ya nne ni nyongeza ndogo yenye faida kubwa. Diski ziloweshwe kwenye mafuta safi nusu saa au zaidi kabla ya kupangwa. Nafasi ya seti ya klachi ipimwe kwa fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi). Makadirio ya kuanzia ni robo milimita kwa kila diski, kisha aifuate hesabu ya mtengenezaji wa seti hiyo. Kabla ya kufunga, kila klachi ipulizwe kwa upepo kupitia tundu lake la mafuta: isikike ikigonga kwa mlio mmoja mzito na isivuje. Hapo ndipo sili iliyokunjika inapojulikana, na sili moja iliyokunjika inaunguza diski 8 kama inavyounguza 6.

Halafu konveta. Hii naomba uisimamie kwa macho yako, kwa kuwa imeua pampu nyingi. Konveta inaingizwa kwenye giaboksi kwa kuzungushwa na kusukumwa taratibu, na inashuka kwa ngazi tatu, kila ngazi ikisikika. Giaboksi ikishabanwa kwenye injini na kabla bolti za konveta hazijaguswa, konveta izunguke kwa mkono bila kukwama, na kati yake na sahani ya flaiwili kuwe na nafasi ya milimita 3 hadi 5. Ukiona imeshikana na sahani wakati bolti za giaboksi bado zinavutwa, simama. Haijaingia ngazi ya mwisho, na ukilazimisha kwa spana unaipasua pampu kabla gari halijawashwa.

Joto_na_Chuma amejibu:

Nijibu la 4L80E. Ni giaboksi imara kweli, imetokana na TH400, giaboksi ya zamani iliyoanza mwaka 1964, na sehemu zake za ndani ni kubwa kwa kila namna. Lakini ni nzito kwa takriban kilo 40 zaidi, inahitaji shafti ya kuendeshea ya urefu mwingine, mabano mengine na kompyuta iliyopangwa upya, na gia yake ya kwanza ni 2.48 badala ya 3.06 uliyoizoea, kwa hiyo gari litaondoka kwa uzito zaidi usipobadilisha na difu. Kwa gari linalokokota mzigo au linalolenga nguvu kubwa zaidi ya hii uliyo nayo, ningesema nenda. Kwako ningesubiri. Bado hujapata kuona 4L60E iliyojengwa vizuri ikifanya kazi ikiwa na mafuta ya kutosha, kwa hiyo huna kipimo cha haki.

Jambo moja la geji. Sensa ya sampu inakupa wastani baada ya mafuta kupoa na kuzunguka. Weka ya pili kwenye paipu inayotoka giaboksi kwenda kwenye kipoza. Usishtuke ikiruka hadi 140 kwa sekunde chache unapokanyaga, hayo ni mafuta yaliyotoka kwenye konveta muda huohuo. Kinachotakiwa ni irudi haraka ukiachia. Ikikawia juu, pumzika. Kwa sampu, mafundi hutumia kanuni ya makadirio kwamba juu ya nyuzi 80 kila ongezeko la nyuzi 11 hupunguza uhai wa mafuta kwa nusu, na kwamba kuanzia kama 115 utando wa rangi ya kahawia huanza kujijenga kwenye vali. Kwa hiyo 95 yako ilivumilika, na 125 haikuvumilika.

Mkokota_Tela amejibu:

Nyongeza fupi: ukimaliza kufunga kipoza kipya, usipime mafuta yakiwa baridi ukaridhika. Kipoza na paipu vinameza mafuta. Endesha mpaka yafike joto la kazi, pitisha lever kwenye kila gia, rudi P injini ikiwa inaunguruma, ndipo usome dipstiki. Yakizidi, gia zinayapiga yanatoka povu, na povu halibani klachi.

Tabo_na_Gia amejibu:

Nimefungua sampu. Kwenye sumaku kulikuwa na unga wa kijivu peke yake, na kwenye beseni jeupe sikuona shaba wala nyuzi nyeusi. Nimeomba na macho ya mtu mwingine, naye hakuona. Rejeta mpya na kipoza cha pleti vimefungwa, paipu ni za milimita 10, themostati iko mahali pake. Kwa sekunde 30 nimepata lita moja na vijiko vichache, bila kukatika. Geji ya pili nimeiagiza. Nitaendesha kilomita 500 bila kuiruhusu tabo ipige, nibadilishe ile filta ndogo, nipime tena, na vipimo nitavileta hapahapa.